Kwa Mayu, vyumba sita karibu na hospitali: nimelala siku 58, nampa nyota 4

Naandika hii kwa ajili ya mzazi ambae sa hivi yuko nje ya wodi ya watoto mahututi hapa Mwanza anatafuta gesti kwenye simu. Mimi nilikua huyo mtu mwezi wa saba 2025 na nilichokua naletewa ni mapicha ya mashuka meupe na taulo limekunjwa kama bata, hamna hata mmoja alieandika kama saa nane usiku mtu anaweza kutoka.

Jina la nyumba siweki. Vyumba ni sita tu na mwenyewe amenikataza kabisa, anasema hataki simu za watu wanaotafuta pa kujificha mchana na vimada vyao. We ukifika pale geti wanalotokea wazazi msubiri mama yeyote anaetoka na chupa ya chai na kikombe cha bati kimefunikwa na kitambaa, mwambie kwa Mayu ni wapi, atakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Mayu kwa Kisukuma ni mama, wote tunamuita hivo, hata walinzi na watu wa boda.

Tulifikaje huko. Sisi ni watu wa Sengerema, mimi fundi wa kuchomelea, mke wangu anauza vitenge. Uchungu ukamshika mimba ina wiki 29, ikaitwa ambulensi. Daraja la Kigongo Busisi lilikua limefunguliwa tarehe 19 Juni, yani hata mwezi haujaisha, na mimi nimevuka pale kwa kivuko maisha yangu yote najua foleni yake, magari yamejipanga we unanunua mahindi ya kuchoma unasubiri. Usiku ule tukapita juu ya maji zile kilomita 3 bila kusimama hata sekunde na sikuona ziwa wala daraja, macho yote kwenye dripu. Binti yetu akazaliwa alfajiri, gramu 1,150. Chukua kilo ya sukari dukani ongeza kiganja, ndo huyo.

Siku tisa za mwanzo mimi sikumuona. Chumba kidogo, mashine nyingi, wakasema wanaingia kina mama tu kwanza. Kwaio mke wangu akawa anatoka ananionyesha kwa mikono, kichwa hivi, mguu hivi, kidole cha mkono cha mtoto akakilinganisha na njiti ya kiberiti na hapo ndo nikaelewa kwanini watoto waliozaliwa kabla ya muda wanawaita njiti. Kila nikiuliza naambiwa anaendelea. Anaendelea wapi jamani, anaendelea kupona au anaendelea kuumwa? Hili neno hospitali zingelifuta kabisa.

Usiku wa kwanza na wa pili nililala kwenye benchi na kina baba wengine. Wa tatu nikasema hapana, nikaenda gesti moja ya kueleweka mjini, elfu 25, maji moto, tivii ukuta mzima, sabuni ndogo zile za kwenye karatasi. Saa nane usiku simu inaita, mke wangu, mtoto anatakiwa kuongezewa damu njoo na mtu wa kuchangia. Nashuka chini geti lina kufuli, mapokezi hamna mtu, nagonga, naita, napiga ile namba iliyobandikwa ukutani nasikia simu inalia ndani ya chumba kimefungwa. Dakika arobaini nzima, mpaka kijana anatokea anafikicha macho ananiambia bro si ungesema mapema. Hewa ya AC ilikua nzuri kwakweli. Ile damu mchangiaji alipatikana, mlinzi wa zamu ya usiku pale hospitali ndo alitoa, sio mimi.

Kesho yake mama mmoja kutoka Ukerewe aliekua analala kitanda kimoja na mke wangu ndo akatupeleka kwa Mayu.

Sasa huduma yenyewe. Chumba ni elfu 12, ukivuka wiki inashuka elfu 8, na mkiwa wawili halipwi mtu wa pili. Kitanda futi nne kwa sita, neti nzima haina matobo (nilikagua kwa tochi), meza, kiti cha plastiki, ndoo mbili na beseni. Tivii hamna, waifai hamna. Choo na bafu mnachangia vyumba vyote sita na maji yakikatika mnatumia ya simtanki mpaka yaishe, foleni ya asubuhi ni ya kweli, amka saa kumi na moja au uoge usiku.

Ila geti. Mayu analala koridoni kwenye godoro, mita mbili kutoka mlangoni, ufunguo shingoni kwenye kamba ya kiatu. Ukitoka saa tisa usiku anafungua geti macho yake yakiwa bado yamefumba, anakuuliza swali moja tu, "wamekuita au unaenda kukamua?" Ukisema kukamua anarudi kulala. Ukisema wameniita anakaa, na ukirudi utamkuta bado amekaa.

Hapa nieleze kwa ambae hajapitia. Mtoto njiti hajui kunyonya na kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja, kwaio anawekewa mpira mdogo mpaka tumboni na maziwa yanapitishwa humo kwa bomba la sindano. Binti yetu alianza na mililita 2. Mbili! Hazijai hata kizibo cha soda, na mke wangu alikua anakamua kwa mkono kila baada ya masaa matatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, saa tatu, mchana na usiku, maana ukiruka maziwa yanaona hayana kazi yanakata. Baada ya wiki moja akaruhusiwa yeye kama mgonjwa, mtoto akabaki. Chumba cha kina mama kimejaa wanalala wawili wawili, na ana mshono. Hapo ndo utajua umbali wa gesti kwenda wodini haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa mwanamke mwenye mshono saa tisa usiku.

Kwa Mayu ni dakika sita kwa miguu, nne kama umeitwa.

Na nusu saa kabla ya kila muda wa kukamua Mayu anagonga bomba la maji na kijiko, mara tatu, koh koh koh. Ukitoka unakuta uji wa ulezi na karanga umeshaiva kwenye jiko la mkaa na taulo liko kwenye maji ya moto kwa ajili ya kukanda. Mkaa unachangia buku kwa siku. Kuna sufuria moja ina utepe mwekundu kwenye mkono, hiyo ni ya kuchemshia vikombe vya maziwa tu. Baba mmoja mgeni aliikaangia dagaa. Mayu hakusema kitu, akaichukua na dagaa wake akairusha nje ikaenda inagonga mawe mpaka chini barabarani, kesho yake tukakuta nyingine mpya ina utepe. Huyo baba hakukosea tena, na sisi wote tukajua sheria.

Mimi sikujua kama jikoni kwa watu ndo nitasoma shule. Mfano ile mashine ya kusukuma hewa puani, sipapu, kuna chupa ya maji pembeni inatoa mapovu. Mama wa chumba namba 2 ndo alituambia sikilizeni mapovu, yakinyamaza muite sista maana bomba limechomoka pahala. Au kile kidude chenye taa nyekundu mguuni kinachosoma hewa kwenye damu, mimi nilidhani 100 ndo ushindi, nikiona 92 roho inaruka. Nikaja kumuuliza sista akanambia hapana baba, kwa mtoto njiti alie kwenye oksijeni tunataka tisini na kidogo, ikizidi sana inaumiza macho yake, ndo maana watapimwa macho kabla ya kwenda nyumbani. Na kwamba wanasahau kupumua. Hilo lilinimaliza. Mtoto kanyamaza, rangi inabadilika, sista anakuja taratibu anampigapiga unyayo kwa kidole kama anaamsha mtu kwenye daladala, mtoto anavuta hewa, sista anaandika kwenye faili anaendelea na mwingine. Wanawapa na kafeini, ile ile ya kwenye kahawa, ili ubongo usisinzie.

Mayu mwenyewe haingii kwenye mambo ya dawa. Ukimuuliza mtoto kuwa njano ni nini anakwambia mimi napika uji, kamuulize sista. Lakini bibi mmoja alipokuja na kichupa cha mizizi eti wampake mtoto utosini, alikipokea kwa mikono miwili, shikamoo marahaba za kutosha, akakiweka kabatini akakifungia humo mpaka bibi alipoondoka.

Kuna dada mmoja alikua anafanya kazi kiwanda cha samaki, anakata minofu ya sangara, analia kila siku anahesabu likizo yake. Siku 84 zimebaki ngapi na mtoto bado yuko kwenye mashine. Ni kwenye lile jiko la mkaa, mtu anamenya viazi, ndo akaambiwa na mwenzie kwamba sheria ya kazi imebadilishwa, kuanzia 2025 mama aliejifungua njiti anaongezewa siku juu ya zile za kawaida. Kazini hakuna aliemwambia. Alienda na barua, akarudi anacheka.

Sasa ule mlango wa jiko. Ni wa mbao umepakwa rangi nyeusi, na kuna chaki juu ya fremu. Kila asubuhi watoto wakishapimwa uzito, mzazi anakuja anaandika. Majina hayaandikwi, ni namba ya chumba na gramu. Chumba 4 ndo sisi. 1,150, halafu 1,120, 1,090, siku ya tano 1,040 na mimi nikashindwa kuandika, nikaweka chaki chini, nikaona mtoto anaisha kama sabuni. Yule mama wa Ukerewe akaichukua akaandika yeye, akanambia "Baba Njiti, wote wanashuka kwanza. Tazama wangu." Kweli kwenye mstari wake ilikua imeshuka vile vile halafu ikapanda. Wiki ya pili tukarudi 1,150 nikanunua soda za watu wote, kreti nzima, deni mpaka leo sijamalizia.

Kuna asubuhi moja niliamka mapema kuwahi bafu. Nikamkuta Mayu mlangoni pale na kitambaa kibichi anafuta mstari wa chumba 6. Anafuta polepole, kuanzia mwisho anarudi nyuma, kila namba peke yake. Wenyewe walikua bado wako hospitali wanasubiri makaratasi. Aliponiona akanambia "mwangaluka mwanangu, kachote maji" nikaenda kuchota maji. Walipokuja kuchukua mizigo hakuna alieuliza kitu, kina mama walishafua zile kanga zao zote, zimekunjwa. Hawakulipishwa. Hilo najua kwa sababu baba yule alinifata nje ananilazimisha nimpelekee Mayu hela, nikampelekea, akazirudisha kwenye begi lao bila wao kuona. Mstari wa 6 ulikaa mweupe siku tatu halafu akaja mtu mwingine.

Hili sijui utalihesabu kama huduma au sio huduma, mimi nimelihesabu.

Siku ya kumi wakaanza kuruhusu kina baba. Nilidhani naenda kuangalia kwenye kioo. Sista akanambia "baba vua shati." Nikamwambia mimi mchomeleaji, mikono migumu, nanuka moshi, akanambia kaoge kwa sabuni mpaka kwenye viwiko urudi. Nikarudi. Wakaniwekea mtoto kifuani, kavaa kofia na soksi na pampasi ile ndogo kabisa ambayo bado ilimfika kwapani, wakatufunga na kanga ya mama yake. Alikua mwepesi kiasi kwamba nikifumba macho sijui kama yupo, najua tu kwa joto. Nilikaa masaa mawili mguu umekufa ganzi sijasogea. Baadae nikasoma kwamba hii ya kangaruu ilianzia Bogotá huko Kolombia mwisho wa miaka ya 70 kwa sababu mashine zilikua hazitoshi, na ule utafiti mkubwa uliotoka 2021, Tanzania ikiwa moja ya nchi tano zilizofanyiwa, ulionyesha vifo vinapungua kwa robo hivi ukimuweka mtoto kifuani mapema badala ya kusubiri mpaka atulie. Kuna watu wanasema ni dawa ya maskini. Mimi nilikaa pale nikaangalia kile kidude cha mguuni, namba ilikua inacheza cheza 88, 91, 87, na nilivyomuweka ikatulia 93 ikakaa.

Na kwa Mayu kina baba wakirudi kutoka kangaruu wanapewa chakula kwanza. Sato wa mchuzi, ugali wa muhogo, anakwambia kula na wewe leo umenyonyesha. Watu wanacheka ila mimi ile siku ya kwanza nililia kwenye sahani.

Mabaya yake sasa, maana sitaki uende ukasema nilipamba.

Jumamosi kuna baa upande wa chini inapiga mziki mpaka saa tisa. Kuna jogoo la jirani halijui saa. Dirisha la chumba 4 halifungi vizuri na mwezi wa saba na wa nane ule upepo wa asubuhi unaingia na vumbi lake, tuliziba na boksi la pampasi. Soketi ni moja kwa kila chumba. Chumba namba 1 kiko karibu na choo, kikatae. Luku ikiisha usiku ni mpaka mtu akumbuke kununua, na wengi wetu pale hela zilishaisha wiki ya tatu maana kuna dawa unaambiwa kanunue nje, pampasi, nauli za ndugu wanaoshuka Nyegezi kila wikiendi na ndizi mkononi halafu wanataka wapelekwe wakamuone mtoto na hawaruhusiwi, unabaki kuwalisha na kuwasindikiza stendi. Nane Nane shemeji zangu walikuja saba. Saba! Wakaenda Nyamhongolo kwenye maonyesho wakarudi wanatusimulia ng'ombe.

Kingine, Mayu anauliza maswali. Umekula? Mkeo amekula? Kwanini mnanuniana? Kama we ni mtu wa kutaka kujifungia na shida zako hii nyumba itakuchosha. Mimi na mke wangu kuna wiki hatukuongea, ile wiki mtoto alipata maambukizi akarudishwa kwenye sipapu baada ya kuwa ametolewa, kila mtu anamlaumu mwenzie kimoyomoyo eti nani hakunawa vizuri. Mayu akatuita wote wawili akatupa beseni la dagaa tuchambue. Tulichambua mpaka saa nne usiku. Hatukuombana msamaha wala nini, tulibishana tu kama dagaa wa Kirumba na hawa wa kwetu nani msafi, ikaisha hivo.

Tatizo kubwa kabisa ilikua ngazi. Nyumba iko juu ya mawe kama nyumba nyingi za Mwanza, ngazi 64 za mawe hazilingani hata mbili, upande mmoja ukuta upande mwingine hewa, taa hamna. Mara mbili mke wangu aliteleza, mara moja na kikombe cha maziwa, mililita 30 zikaenda kwenye jiwe na alikaa pale chini akawa hataki kuinuka, ananiambia we huelewi hizo ni saa tatu za mtoto.

Kwaio wiki ya sita hela ikiwa imekata kabisa nilimwambia Mayu nina kazi ya mkono. Nikaenda Sengerema siku moja nikaleta mashine, bomba za inchi moja na nusu nikapata kwa mtu kwa bei ya kirafiki, nikamchomelea mkono wa ngazi kuanzia juu mpaka chini. Akanifutia siku kumi na mbili. Naliweka wazi hili ili usije ukasema nyota zimenunuliwa, na kwenye ngazi mwenyewe sitoi maksi, kaone ushike useme.

Tulitoka tarehe 4 Septemba, gramu 1,980, kwenye mlango niliandika mimi mwenyewe nikabonyeza chaki mpaka ikavunjika. Macho alipimwa yakawa sawa, tukapewa tarehe za kliniki. Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya choo na jogoo.

Tumerudi kliniki mwezi uliopita, ana kilo 6 na ushee, analia kama king'ora. Tukapanda kwa Mayu kumsalimia, mke wangu mbele na mtoto mgongoni, kashika ule mkono wa ngazi. Rangi imeanza kubanduka pale kona ya tatu, watu wanashika sana. Nimemwambia nitakuja na kopo la rangi ya kutu, akanambia njoo na la dirisha pia.